Cheche Katika Hewa Iliyosongwa: Kubadili Plagi za Gari Lenye Tabo

Mnamo mwaka 2022 nilifanya kosa ambalo mwalimu wa fizikia hakupaswa kulifanya. Gari langu, lililoingizwa nchini likiwa limekwisha kutumika, lina injini ya petroli yenye silinda nne na tabo. Plagi zake zilikuwa zimechakaa, nami nikazibadili mwenyewe nyumbani Musoma. Nilinunua plagi za aina ileile niliyoizoea katika gari langu la zamani, lisilo na tabo. Uzi wake uliingia barabara, urefu wake ulikuwa sawa, na injini iliwaka mara moja. Nikaridhika.

Kesho yake nilikwenda Bunda peke yangu, polepole, na gari halikuonyesha dosari yoyote. Huko niliwachukua walimu watatu na masanduku mawili ya vifaa vya maabara, tukaelekea Butiama, ambako watahiniwa wa Kidato cha Nne walikuwa wakitungojea kwa mazoezi ya vitendo. Tulipokwisha kupita Makutano na kuanza kupanda, nilikanyaga mafuta. Injini ikaanza kukohoa. Mafundi wetu husema gari "linamisi". Taa ya injini ikawa inawaka na kuzimika. Nilipopunguza mafuta, kikohozi kilikoma. Nilipokanyaga tena, kilirudi. Tulijikokota hadi Butiama, tukafika jua likiwa karibu kuchwa, na zoezi la saa tatu likawa la saa moja.

Jioni ile mwanafunzi mmoja aliniuliza: "Mwalimu, kama plagi ndizo zenye kosa, mbona gari halikohoi likiwa limesimama?" Swali hilo lilikuwa bora kuliko kazi niliyokuwa nimeifanya. Makala haya ni jibu lake.

Hewa ni kihami

Plagi ina elektrodi mbili zilizotengwa na mwanya mdogo, mara nyingi usiozidi milimita moja na kidogo. Umeme wa betri, ambao ni volti 12 tu, hukuzwa na koili hadi kufikia maelfu ya volti, ukaruka mwanya huo na kutoa cheche. Cheche hiyo ndiyo inayowasha mchanganyiko wa petroli na hewa.

Lakini hewa ni kihami. Haipitishi umeme mpaka ilazimishwe. Mwaka 1889 mwanafizikia wa Kijerumani, Friedrich Paschen, alionyesha kwamba volti zinazohitajika kuivunja hewa hutegemea mambo mawili yakizidishwa pamoja: upana wa mwanya na kanieneo ya hewa iliyomo. Tukiyatazama mazingira ya injini, yatosha kusema hivi: mwanya ukiongezeka, volti zaidi zahitajika, hewa ikisongamana, volti zaidi zahitajika.

Natuchukue hesabu nyepesi. Katika hewa ya kawaida huhitajika takriban volti 3,000 kwa kila milimita moja. Tuseme pistoni imeisonga hewa mara 7 wakati cheche inapotakiwa. Gari likiwa katika sailensa, mlango wa hewa umekaribia kufungwa, na hewa inayoingia ina msongamano wa kama theluthi moja tu ya ule wa kawaida. Mwanya ukiwa milimita 1.1, tunapata 1.1 × 3,000 × 7 ÷ 3, yaani volti 7,700. Koili yenye uwezo wa volti 30,000 haioni taabu.

Sasa gari linapanda mlima, dereva amekanyaga mafuta, na tabo imeingiza hewa yenye msongamano mara 1.5 ya kawaida. Hesabu yawa 1.1 × 3,000 × 7 × 1.5, yaani volti 34,650. Koili haizifikii, cheche haipatikani. Tukiupunguza mwanya hadi milimita 0.7, huhitajika volti 22,050, na cheche hupatikana bila shida. Hesabu hii ni ya makadirio, maana joto ndani ya silinda nalo lina athari zake, lakini yatosha kueleza siri ya mlima. Yaeleza pia kwa nini tulifika: kila nilipopunguza mafuta, nilikuwa ninapunguza msongamano wa hewa.

Tabo na hewa ya nyanda za juu

Tabo ni magurudumu mawili madogo yenye mapanga, yaliyofungwa katika mhimili mmoja. Moshi unaotoka katika injini hulizungusha la kwanza, na la pili husukuma hewa kuiingiza katika silinda. Mhimili huo waweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Mbuni wake ni mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliyepata hataza mwaka 1905.

Sisi wakazi wa Mara tuna sababu ya kukithamini chombo hiki. Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na hapo kanieneo ya hewa ni kama asilimia 88 tu ya ile ya Tanga au Dar es Salaam. Injini isiyo na tabo huvuta hewa pungufu kwa kiasi hicho, na nguvu yake hupungua. Tabo hulifidia pengo hilo. Ndiyo maana mwaka 1918 mhandisi wa Marekani, Sanford Moss, aliipeleka injini ya ndege yenye tabo hadi juu ya mlima Pikes Peak, wenye kimo cha mita 4,300 hivi, ili kuthibitisha kwamba injini yaweza kufanya kazi vizuri katika hewa hafifu.

Daraja la joto

Kosa langu la pili lilikuwa la kutosoma namba. Kila plagi ina daraja la joto. Ncha yake yapasa kuwa na joto la kutosha kuunguza masizi, yaani kuanzia nyuzi 450 za Sentigredi hivi, lakini isikaribie nyuzi 900, kwani hapo huweza kuwasha petroli kabla ya wakati wake. Plagi ambayo kihami chake ni kirefu hupoteza joto polepole, nayo huitwa plagi ya moto. Yenye kihami kifupi hulipitisha joto upesi kwenye kichwa cha injini, nayo huitwa plagi ya baridi. Injini yenye tabo huchoma mafuta mengi zaidi katika nafasi ileile, kwa hiyo kwa kawaida huhitaji plagi ya baridi zaidi. Plagi ya moto isiyostahili yaweza kutoboa pistoni, na gharama ya pistoni si ya kulinganishwa na ile ya plagi.

Tahadhari: katika namba za NGK na Denso, namba kubwa ni plagi ya baridi zaidi, katika Bosch na Champion ni kinyume chake. Basi usilinganishe namba za kampuni mbili kwa macho tu. Fuata kitabu cha gari, na nunua kwa muuzaji unayemwamini, maana plagi za bandia zipo sokoni.

Kazi yenyewe

Ngoja injini ipoe kabisa, ikiwezekana usiku mzima. Tabo na ekzosi hushika joto kali, na uzi wa kichwa cha alumini huweza kung'oka plagi ikifunguliwa ingali moto. Zima swichi, toa ufunguo, kisha fungua waya hasi wa betri. Kamwe usishike koili injini ikiwa inanguruma.

Puliza vumbi lililozunguka plagi kabla ya kuzifungua. Kwa barabara zetu, kijiko kizima cha mchanga chaweza kuwa kinangojea kuanguka ndani ya silinda. Toa koili moja, fungua plagi yake kwa soketi ya plagi, weka mpya, ndipo uende kwenye silinda inayofuata. Katika injini za Subaru, ambazo silinda zake zimelala ubavuni, huenda ukalazimika kuondoa betri au boksi la hewa ili mkono upate kufika.

Pima mwanya wa kila plagi mpya kwa vibamba vya kupimia. Ukihitaji kurekebisha, pinda elektrodi ya pembeni tu, tena taratibu. Plagi za iridiamu zina ncha nyembamba inayovunjika upesi. Usiibane wala usiiegemeze kitu.

Ili kuanza uzi, chomeka kichwa cha plagi katika kipande cha mpira wa petroli, kisha uzungushe mpira huo kwa vidole. Uzi ukienda mrama, mpira utateleza wenyewe kabla hujaharibu alumini. Usipake grisi kwenye uzi uliokwisha kupakwa madini kiwandani, kwani utateleza na kukazwa kupita kiasi.

Plagi yenye uzi wa milimita 14 hukazwa kwa momenti ya nyutoni-mita 25 hivi, ingawa neno la mwisho ni la kitabu cha gari. Nyutoni-mita 25 ni sawa na uzito wa lita 10 za maji ulioning'inizwa kwenye mpini wenye urefu wa sentimita 25. Asiye na spana yenye kipimo, na plagi yake ina washa mpya, aikaze kwa mkono mpaka igote, kisha aongeze nusu mzunguko.

Plagi kuukuu zipange kwa utaratibu wa silinda zake, uzisome. Ncha yenye rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni dalili ya afya. Masizi makavu meusi ni dalili ya petroli nyingi kupita kiasi au cheche iliyokosekana. Oili mbichi yaonyesha kwamba oili inapenya ndani ya silinda. Ncha nyeupe yenye malengelenge ni dalili ya joto la hatari. Taa ya injini ikiwaka na kuzimika mfululizo, usiendelee kukanyaga: petroli isiyoungua huenda kuungulia katika chombo cha kusafishia moshi, ikakiharibu.

Hitimisho

Butiama ndiko alikozaliwa Mwalimu Julius Nyerere, ambaye mwaka 1967 aliandika juu ya Elimu ya Kujitegemea, akitaka masomo ya darasani yashikamane na kazi za mikono. Kosa langu lilikuwa la kuyatenga mambo hayo mawili. Sheria ya Paschen nilikuwa nimeifundisha miaka mingi ubaoni, lakini nilipoinamia injini yangu niliiacha darasani, nikatazama uzi tu.

Niliporudi Musoma nilifunga plagi zinazostahili, zenye mwanya na daraja lake. Juma lililofuata nilikwenda tena Butiama na walimu walewale, na masanduku yaleyale; gari lilipanda bila kikohozi, na zoezi likafanyika saa tatu kamili. Zile plagi nne nilizokosea niliziacha katika maabara ya shule pamoja na vibamba vya kupimia. Wanafunzi hupima mwanya wake, kisha hukokotoa wenyewe ni volti ngapi gari langu lilizikosa siku ile.