Kidonge Kikae Wapi? Mpangilio wa Chumba na Nidhamu ya Dawa

Mama wa miaka 55, mpangaji wa Mbagala, anarudi kliniki na shinikizo la damu la 178/104. Anaulizwa kama anatumia dawa. Anajibu kwamba anatumia, isipokuwa siku anazosahau. Anaonywa asisahau tena, anaandikiwa dawa zilezile, kisha anaondoka. Hakuna aliyemwuliza swali jepesi kuliko yote: dawa hizo anaziweka wapi? Angeulizwa, angejibu kwamba zimo ndani ya mkoba, mkoba umo ndani ya sanduku la nguo, na sanduku liko uvunguni mwa kitanda.

Mama huyu ni mfano tu, lakini mhudumu wa kliniki yoyote ya Temeke au Kinondoni atamtambua. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Dawa iliyofichwa uvunguni ni fimbo ya namna hiyo.

Uzito wa jambo hili unajulikana. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba takriban mtu 1 kati ya 4 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 nchini Tanzania alikuwa na shinikizo la juu la damu. Kabla ya hapo, uchunguzi uliofanyika Ilala, Dar es Salaam, na katika kijiji cha Shari mkoani Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2000, ulikuta kwamba miongoni mwa wenye tatizo hilo, chini kidogo ya asilimia 20 walijua kuwa wanalo, kama asilimia 10 walikuwa wakitibiwa, na waliodhibitiwa hawakufika hata asilimia 1. Gharama ya pengo hilo ni kiharusi, moyo kushindwa kufanya kazi, na figo kufa polepole bila maumivu ya kumwonya mwenye nazo.

Si kila dozi inayokosekana imesahauliwa. Wapo wasio na fedha, wanaosumbuliwa na madhara ya dawa, na wanaoacha kwa kuwa wanajisikia wazima. Hao wanahitaji msaada wa namna nyingine. Lakini kwa yule mwenye dawa na nia, ambaye siku zinampita hivi hivi, tatizo huwa limo chumbani mwake.

Mazoea hujengwa na mahali

Phillippa Lally na wenzake wa Chuo Kikuu cha London waliwafuatilia watu waliojaribu kujenga tabia moja mpya, kila mmoja akiifanya baada ya jambo lilelile la kila siku. Kwa wastani ilichukua siku 66 tabia hiyo kuwa ya mazoea. Wepesi walitumia siku 18, na wazito walikadiriwa kuhitaji siku 254. Walioteleza siku moja hawakuharibu kazi yote. Funzo kwa mgonjwa ni kwamba tabia mpya huhitaji kuegemezwa kwenye tabia ya zamani, mahali palepale, na kwamba wiki mbili za kwanza hazitoshi kumhukumu mtu.

Nyumba nyingi za uswahilini zina ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uani panapopikiwa na kuogewa. Familia nzima yaweza kuishi katika chumba kimoja chenye kitanda, kabati la vyombo, televisheni na ndoo ya maji. Ushauri wa kutenga chumba au meza ya afya haufai hapo. Kinachofaa ni kuuliza mkono hupita wapi kila asubuhi: kwenye kikombe cha mswaki, kwenye chupa ya chai, au kwenye mswala. Dawa ya mara moja kwa siku ikae jirani na kitu hicho. Hata azana ya alfajiri yafaa kuwa kengele, kwani Dar es Salaam saa yake husogea kidogo tu mwaka mzima, nayo husikika kwa Mwislamu na kwa asiye Mwislamu. Anayefunga Ramadhani apange na daktari wake mapema kama dawa itahamia daku au futari.

Yapo masharti matatu. Kwanza, watoto: dawa iwe juu, mkono wa mtoto usipofika, ndani ya kopo lenye kifuniko imara. Pili, joto: vidonge vingi huhitaji kukaa chini ya nyuzi 30, hivyo dirisha lenye jua, mgongo wa televisheni, karibu na jiko na chini kabisa ya bati lisilo na dari si mahali pake. Tatu, siri. Anayetumia dawa za kupunguza makali ya VVU huogopa macho ya wageni na wapangaji wenzake, naye huzificha mpaka anajificha mwenyewe. Yafaa azihamishie kwenye kopo lisilo na maandishi, ikiwa mfamasia ameridhia, likae pamoja na vitu vyake vya kuogea. Macho ya wageni hayatalijua, lakini mkono wake utaligusa kila siku.

Chumvi iondoke mkekani

Kanuni hiyohiyo hufanya kazi kinyumenyume: kinachodhuru kiwekwe mbali. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyokwisha kuwamo ndani ya mkate, ng'onda na chipsi. Kopo la chumvi likikaa mkekani wakati wa kula, kila mkono utalifikia kabla ulimi haujaonja. Likibaki uani, na mpishi akapima kwa kijiko badala ya kumimina, familia nzima hunufaika bila mgonjwa kupikiwa chungu chake peke yake. Ndimu na pilipili zishike nafasi ya kopo hilo.

Kwa mhudumu wa afya

Maswali matatu yaongezwe kwenye kila ziara: Dawa inakaa wapi? Unaimeza baada ya kufanya nini? Nani mwingine nyumbani anajua? Kisha mgonjwa achague mwenyewe mahali papya kabla hajatoka, na mahali hapo paandikwe kwenye kadi yake. Aelezwe pia kwamba akikosa dozi ya jana asimeze mbili leo, na kwamba alama ya kalamu kwenye kalenda ya ukutani baada ya kila kidonge itamsaidia kukumbuka kama amemeza.

Yule mama wa Mbagala akirudi mwezi ujao, aulizwe kwanza kuhusu kikombe cha mswaki, ndipo apimwe shinikizo.