Kijana wa Miaka 14 Alazwe Wapi?

Mwanao amefikisha miaka 14. Amekupita kimo, na sauti imeanza kuwa nzito. Akiugua, alazwe wodi ya watoto au ya watu wazima? Akina mama wengi hushangaa kuona kwamba hospitali hazina jibu moja.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 wasema mtoto ni mtu wa chini ya miaka 18. Hata hivyo, wodi nyingi za watoto huweka kikomo chini ya hapo. Nchini Marekani, chama cha madaktari wa watoto kilitamka mwaka 1988 kwamba kazi yao iendelee hadi miaka 21. Mwaka 2017 chama hicho kilishauri umri peke yake usiwe kipimo, bali kijana, wazazi na daktari waamue pamoja.

Kwa homa ya siku chache, wodi si jambo kubwa. Hofu yetu ni kwa kijana mwenye ugonjwa wa kudumu, kama vile selimundu, kisukari, pumu au kifafa. Huko Dallas, Marekani, watafiti walifuatilia watoto zaidi ya 900 wenye selimundu. Taarifa yao ya mwaka 2010 ilionyesha kuwa zaidi ya 9 katika kila 10 walifikia miaka 18. Lakini vifo vingi vya miaka ya mwisho ya utafiti viliwapata waliokwisha kutimiza umri huo, muda mfupi baada ya kuhamia kliniki ya wakubwa.

Basi mama, usingoje siku ya kuhama. Mtoto akifikisha miaka 12, anza hivi:

• Mfundishe kutaja ugonjwa wake, dawa zake na kiasi anachotumia.

• Mwache azungumze na daktari peke yake kwa dakika chache, nawe usubiri nje.

• Uliza mapema kliniki yake inaishia umri gani, na nani atampokea.

• Omba barua yenye historia ya ugonjwa, na utunze kadi na majibu ya vipimo.

• Siku ya kwanza kliniki ya wakubwa, msindikize.

Siku hiyo itafika tu. Heri imkute anaijua dawa yake, kuliko imkute akikutazama wewe kila anapoulizwa swali.