Kikomo Kisichokoma

Peru huweka idadi ya watu wanaoruhusiwa kuingia Machu Picchu kwa siku moja, na idadi hiyo haitulii. Mwaka 2011 ilikuwa 2,500. Lango lilipofunguliwa tena Novemba 2020, baada ya miezi ya korona, waliruhusiwa watu 675 tu. Miaka miwili haikutimia: katikati ya 2022 tiketi ziliisha msimu ukiwa umepamba moto, wageni waliokosa nafasi wakapiga kelele, wafanyabiashara nao wakaja juu, na serikali ikaruhusu zaidi ya 5,000. Tangu 2024 kiwango cha kawaida ni 4,500, na siku za msimu mkubwa hupandishwa hadi 5,600. Ukizipanga namba hizo pamoja utaona kwamba kinachoitwa kikomo humfuata mteja, badala ya mteja kukifuata. Hapo ndipo ulipo ugonjwa wa Machu Picchu, kuliko hata kwenye wingi wa watu wenyewe.

Mji huu wa Wainka ulijengwa katika karne ya 15, zama za mtawala Pachacuti, juu ya mgongo wa mlima wenye kimo cha mita 2,430 kutoka usawa wa bahari, mto Urubamba ukiuzunguka huko bondeni. Ulihamwa baada ya kama miaka mia moja. Dunia hupenda kusema kwamba uligunduliwa mwaka 1911 na Mmarekani Hiram Bingham, ingawa aliyempeleka ni mkulima wa huko, Melchor Arteaga, na juu kulikuwa na familia zikilima kwenye matuta yale yale ya kale. Watu huvutiwa na kuta zake, mawe yaliyochongwa yakashikana bila saruji. Lakini ufundi wenyewe hasa umefichwa ardhini. Mhandisi Kenneth Wright na mwanaakiolojia Alfredo Valencia Zegarra, walioyachunguza magofu haya kwa miaka mingi, walikadiria kwamba asilimia 60 hivi ya kazi yote ya ujenzi iko chini ya udongo: misingi, vifusi vilivyoshindiliwa, na njia za kupitishia maji. Kila tuta lilijazwa kwa tabaka, mawe makubwa chini, kokoto juu yake, kisha mchanga, na mwisho udongo wa kupandia, ili mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka izame polepole bila kuubomoa mlima. Mfereji wa karibu mita 750 ulileta maji ya chemchemi kwenye vituo 16 vya kutekea vilivyofuatana kwa ngazi. Waliotumia maji hayo wanakadiriwa kuwa chini ya elfu moja. Wajenzi walipiga hesabu ya maji, ya mteremko na ya watu, na hesabu hiyo haikuwa na maelfu ya viatu kila siku.

Yupo atakayesema kwamba mawe yaliyostahimili mvua na matetemeko kwa miaka zaidi ya 500 hayawezi kushindwa na mtalii mwenye kamera. Ni hoja inayosikika vizuri, ila inachanganya mambo. Mvua ilitengenezewa njia yake, miguu haikutengenezewa. Udongo unaokanyagwa mfululizo hushindiliwa, maji yakakosa pa kuzama, yakatiririka juu juu na kuchimbua kingo. Ngazi zinalika. Septemba 2023 wakuu wa hifadhi walilazimika kufunga kwa muda sehemu tatu, mojawapo Hekalu la Kondori, kwa sababu mawe yalikuwa yamechakaa kwa kupitwa na kuguswa. Na mwaka 2000, wakati wa kupiga picha za tangazo la bia, winchi iliangukia Intihuatana, jiwe takatifu linalohusishwa na jua, likamegeka. Kipande kile hakikung'olewa na miaka mia tano ya mvua.

Hoja nzito zaidi ni ya tumbo. Jimbo la Cusco linaishi kwa utalii, na mwaka 2020 ulionyesha wazi maana ya lango kufungwa: waongozaji, wapishi, wafumaji na madereva walikosa kazi kwa mpigo. Ni kweli, na anayezungumzia hifadhi bila kuwataja watu hawa hastahili kusikilizwa. Ila jibu lipo Peru yenyewe, mlangoni pa magofu. Njia ya Wainka, ile ya kutembea kwa miguu siku nne, imewekewa kikomo cha watu 500 kwa siku tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na wengi wao ni wapagazi na wapishi. Kila Februari hufungwa kupisha ukarabati. Sheria inakataza mpagazi kubebeshwa zaidi ya kilo 20, hata kama usimamizi wake hulegalega. Kikomo hicho hakikupanda kila palipotokea kelele, na biashara haikufa. Watu hukata vibali miezi kadhaa kabla, na mpagazi anajua msimu wake utakuwaje. Kinachomnyima mwananchi usingizi ni namba inayobadilika bila yeye kujua nani kaibadilisha. Januari 2024 wakazi wa mji ulio chini ya magofu walipogoma na kuzuia treni, hawakuwa wakidai wageni waongezwe. Walipinga uuzaji wa tiketi kukabidhiwa kampuni binafsi.

Wengine hupendekeza wageni wagawanywe. Choquequirao, mji mwingine wa Wainka ambao sehemu yake kubwa bado imefunikwa na msitu, haufikiwi kwa gari. Mpango wa kuuwekea magari ya kamba umezungumzwa kwa miaka. Bila kikomo kisichotikisika, kuwagawanya wageni ni kuuhamishia ugonjwa mlima wa pili. Hofu ya wageni kuzidi inakua zaidi huko Chinchero, kwenye uwanda wa juu kati ya Cusco na bonde la Urubamba, ambako kunajengwa kiwanja kipya cha ndege cha kimataifa kinachotarajiwa kupokea mamilioni ya abiria kwa mwaka, karibu na ziwa Piuray linalolipatia jiji la Cusco sehemu kubwa ya maji yake. Abiria hao karibu wote watataka kuiona Machu Picchu, na kama desturi ya miaka hii itaendelea, namba itapandishwa tena ili waenee.

Kwa hiyo Peru iiandike idadi hiyo kwenye sheria kabla ndege ya kwanza haijatua Chinchero, itokane na vipimo vya udongo na mawe, isibadilishwe bila vipimo vipya kutangazwa hadharani, na wakazi wa bondeni wawe na kura katika kuiweka. Raia wa Peru, ambao tayari hulipa kiingilio nafuu kuliko wageni, watengewe nafasi zao. Msafiri atakayekuta siku imejaa angoje zamu yake mwaka ujao.