Mashahidi tisa, kiwanja hakuna

Niwe Butembo au niwe Beni, nikikaa na vijana kuzungumzia pesa, mmoja lazima ainue mkono: "Papa, mashahidi wangapi wanatosha?" Anaulizia kununua kiwanja. Mwingine anataka kujua kama wanne wanatosha au hadi wafike sita. Mwingine anauliza kama mchungaji anahesabiwa mtu mmoja au wawili, na kama video ya simu ina nguvu kupita picha. Miaka yote nimejibu kwa upole. Leo upole umeniishia, maana hivi karibuni alikuja kwangu kijana motari, dereva wa pikipiki, ameshika akti ya mauzo aliyoipiga plastiki kama kadi ya mchaguzi, yenye saini tisa. Tisa! Alikuwa amemaliza likirimba mbili, michango ya zamu, mfululizo, akatoa dola 1,400, na sasa mtu mwingine anajenga pale.

Shahidi husema alichokiona. Hao tisa walikuona ukihesabu noti, wakamwona mwenzako akizipokea, wakanywa soda, wakaenda zao. Kama yule aliyepokea alikuwa na kitu cha kuuza, hilo hawakuliona na hawawezi kuliona. Ongeza wawe mia moja: utakuwa umethibitisha mara mia kwamba pesa yako imeondoka.

Sheria ya ardhi ya Kongo ni ya tarehe 20 Julai 1973, ina umri mkubwa kuliko baba zenu wengi. Kifungu cha 53 kinasema ardhi ni mali ya Serikali peke yake. Kifungu cha 219 kinasema haki ya kuitumia ardhi inathibitishwa na kitu kimoja tu, hati ya usajili, ile tunayoiita sertifika, inayotolewa na konservateri, mtunza hati wa Serikali. Hakitaji chefu wa selile wala mchungaji. Akti ya mauzo ni mapatano yenu wawili, na inafaa kufungulia faili kwa konservateri. Ukiiweka sandukuni ukadhani umemaliza, umefanya kama mtu aliyenunua tiketi ya basi, akaitundika ukutani, akasema amefika Kisangani.

"Lakini chefu wa selile alipiga muhuri." Najua alipiga. Muhuri wake unasema ameziona saini zenu. Hana ramani wala kitabu cha usajili, na wiki iliyotangulia huenda aliupiga muhuri huohuo kwenye karatasi ya mnunuzi mwingine wa kiwanja kilekile, bila nia mbaya kabisa, kwa sababu komisioneri, yaani dalali, alimwonyesha kutokea ng'ambo ya pili ya mti.

"Lakini tulimpelekea mwenye udongo mbuzi." Hapa naenda taratibu, kwa kuwa muhako, yaani mbuzi huyo wa mwenye udongo, ni jambo la heshima na mimi mwenyewe nimelishwa kwa shamba la muhako. Kwa Wanande, mbuzi yule anakutambulisha kilimani: unalima, unavuna, watoto wako wanajulikana. Ila kulima ni haki moja, kuuza ni nyingine kabisa. Aliyepewa kulima hawezi kukuuzia wewe alichopewa ale. Ni kweli sheria yenyewe ilituacha njia panda. Kifungu cha 389 kiliahidi kwamba Rais angetoa amri ya kupanga haki za watu kwenye ardhi za kimila, na nusu karne ikapita bila amri hiyo kutoka. Katika pengo hilo ndimo komisioneri anamotembea na kofia yake na kitabu chake cha risiti.

Halafu mnatazama nani anauza siku hizi? Tangu mauaji yalipoanza upande wa Beni mnamo Oktoba 2014, watu wamekimbia kutoka Eringeti, Mbau, Oicha na vijiji vya pembeni, wakaacha mashamba na nyumba. Anayekimbia huuza kwa bei ya kukimbia. Mara nyingine hauzi yeye: jirani aliyebaki anamuuzia akiwa hayupo. Ukisikia "bei nzuri, mwenyewe ana haraka", uliza haraka hiyo ni ya nani. Na ukiambiwa kiwanja kiko Mayangose, rudi nyumbani kwanza. Wakulima na Hifadhi ya Virunga wamevutana pale miaka mingi. Hifadhi hiyo ni ya mwaka 1925, na hakuna akti ya mauzo inayoihamisha.

Turudi kwa motari wangu. Muuzaji hakuwa mwizi wa kuvunja mlango. Alikuwa mdogo wa marehemu. Kaka yake alifariki, kiwanja kikabaki wazi, mdogo mtu akaona yeye ndiye mkubwa wa ukoo. Nasikia hesabu hiyo kila mara, na ni ya uongo: kwa sheria ya familia, watoto wa marehemu ndio warithi wa kwanza, wanachukua robo tatu ya urithi. Robo inayobaki wanagawana mjane, wazazi na ndugu. Basi mtoto mkubwa akarudi kutoka Mangina, akafungua bahasha ya khaki, akatoa sertifika ya baba yake. Karatasi moja, saini moja ya konservateri. Mashahidi tisa wakatazamana.

Nilipomuuliza kijana kwa nini alikimbilia kununua, akanijibu: "Wenzangu wananicheka, kila mwezi nalipia ukuta wa mtu." Huu nao ni ugonjwa. Hapa kwetu mtu asiye na kiwanja anaonekana hajaanza maisha, basi kijana wa miaka 22 anatoa akiba yake yote anunue heshima ya karatasi. Mwenye kupanga chumba analipa na analala ndani. Motari wangu alilipa dola 1,400 na hajalala pale hata usiku mmoja.

Sasa ya kufanya, haraka, maana nafasi inaniishia. Unapanga? Sheria nambari 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isizidi kodi ya miezi 3. Bayeri, mwenye nyumba, akidai 6, mwonyeshe kifungu kwa adabu. Akikataa, pangeni wawili, au tafuta mwingine. Dai mkataba wa maandishi na risiti ya garanti, maana siku ya kuhama ndipo bayeri husahau. Likirimba ni nzuri ukiwajua wote hadi milango yao, na ukiwa na jambo la kufanyia pesa siku ya zamu yako. Usiingie mbili kwa pato moja. Kinachobaki kiende koperative kwa jina lako, kisikae kwenye simu ambayo ndugu wote wanaijua namba yake ya siri. Unalipwa mshahara? Uliza kama umeandikishwa CNSS, mfuko wa Taifa wa hifadhi ya jamii: mwajiri anatoa asilimia 13, wewe unakatwa 5, na ukikatwa bila kuwa na namba yako, kuna mtu anakula.

Unataka kununua kweli? Nenda kwanza ofisi ya ardhi, kabla ya kutoa hata dola ya soda, uulize kiwanja hicho kimeandikwa kwa jina la nani. Ongea na majirani wa pande zote nne bila komisioneri. Muuzaji ana ndoa? Mwenzake asaini. Ni urithi? Watoto wote wasaini, pamoja na aliye Kampala. Lipa kwa awamu, na awamu kubwa ibaki hadi mpimaji wa Serikali apime na kuandika mipaka. Baadaye fuata mkataba na Serikali, jenga kitu, ndipo usukume faili hadi sertifika. Ni gharama na ni usumbufu, najua. Kama pesa ya hizo hatua huna, hujafika bei ya kiwanja bado.

Na wewe mwenye akti tayari, usiitupe. Kiwanja haitakurudishia, ila mbele ya hakimu inaweza kukusaidia kumdai aliyekula pesa yako. Kwa hiyo usiipige plastiki. Karani akitaka kuandika namba ya faili mgongoni mwake, wino haushiki. Motari wangu alijaribu kuibandua kwa wembe. Shahidi wa nne na wa saba walibaki kwenye plastiki.