Kwa Nini Treni Huonekana Inakuja Polepole

Ukipanda treni ya umeme kutoka Dodoma kwenda Dar es Salaam, tafuta kiti cha dirishani na usisinzie. Treni hii, iliyoanza kubeba abiria wa Dodoma Julai 2024, hufikia kilomita 160 kwa saa, yaani mita 44 hivi kila sekunde. Anayetaka kujua ubongo unavyoona mwendo atajifunza mengi hapo dirishani kabla hata ya kufika kituo cha Gulwe.

Nguzo zilizo kando ya reli hazishikiki kwa jicho. Mbuyu ulio mita 100 kutoka relini unakupita kwa nyuzi kama 25 kila sekunde. Mlima ulio kilomita 5 unasogea nusu nyuzi tu. (Ukinyoosha mkono, kidole gumba chako kina upana wa nyuzi 2 hivi.) Tofauti ni mara 50, ilhali mbuyu na mlima vyote vimesimama palepale na anayesafiri ni wewe. Tofauti hiyo ndiyo ubongo unayoitumia kupima umbali. Kazia macho mbuyu: vichaka vya mbele yake vinakimbilia nyuma, na mlima ulio nyuma yake unaonekana kufuatana na treni. Hamishia macho mlimani na picha nzima inajipanga upya.

Sasa mtazame mtoto aliyekaa mkabala nawe, akiangalia nje. Mboni zake hazitulii. Zinakifuata kichaka kimoja taratibu hadi pembeni, kisha zinaruka kurudi katikati na kukidaka kingine. Mwenyewe hajui kabisa kwamba macho yake yanafanya hivyo. Jicho linapofuata kitu, taswira yake hutulia kwenye retina, kwa hiyo ubongo hauna budi kuhesabu pia mwendo wa jicho lenyewe ili ujue kitu hicho kina kasi gani.

Kazi ya kutambua mwendo hufanywa na seli za neva zilizogawana pande. David Hubel na Torsten Wiesel, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1981, waligundua katika ubongo wa paka seli zinazosisimka mstari unapokwenda upande mmoja na kunyamaza unapokwenda upande wa pili. Sisi pia tunazo. Treni inaposimama Morogoro baada ya mandhari kukimbilia nyuma kwa muda mrefu, tazama changarawe za relini: kwa sekunde chache zitaonekana zinatambaa kwenda mbele. Seli za upande mmoja zimechoka, na zile za upande wa pili, ambazo hazikufanya kazi, zinasikika zaidi. Robert Addams aliliona jambo hilohilo mwaka 1834 baada ya kukodolea macho maporomoko ya Foyers huko Scotland: miamba iliyokuwa kando ya maji ilionekana inapanda juu.

Ubongo, basi, unaona mwendo kwa kulinganisha: upande huu na ule, cha karibu na cha mbali, jicho na kitu. Uwezo huo unaweza kupotea. Mwaka 1983 Josef Zihl na wenzake, nchini Ujerumani, waliandika habari za mwanamke ambaye damu iliganda kwenye mishipa ya ubongo wake na kuharibu eneo la kuona mwendo, pande zote mbili za kichwa. Rangi aliziona, vitu alivitambua. Lakini akimimina chai, aliiona imeganda hewani, na hakujua kikombe kinajaa lini. Barabarani gari lilikuwa mbali, na mara akaliona liko mbele yake, bila hatua yoyote katikati.

Sisi wazima tuna udhaifu unaokaribiana na huo, nao hujitokeza kitu kinapotujia moja kwa moja. Kinachopita ubavuni huacha alama tele za kulinganisha; kinachokuja usoni hakitoi alama nyingine ila kukua. Hatari yake huonekana pale watu wanapovuka reli. Wakazi wa Kikuyu na kata jirani za Dodoma mjini wamezoea honi ya treni ya reli ya zamani, ile ambayo Wajerumani waliifikisha Dodoma mwaka 1910. Reli ya kisasa, ya treni ya umeme, ina uzio, na barabara hupita juu au chini yake. Ile ya zamani watu bado wanaivuka kwa miguu, kwa baiskeli na kwa bodaboda.

Chukua treni yenye upana wa mita 3 inayokuja kwa kilomita 60 kwa saa. Ikiwa mita 400 kutoka kwako zimebaki sekunde 24, na taswira yake machoni haifiki hata nusu nyuzi. Katika sekunde 12 za kwanza taswira hiyo inaongezeka mara mbili tu, ongezeko ambalo jicho halilitambui kwa urahisi. Sekunde 6 zinazofuata inaongezeka mara mbili tena. Ikifika mita 50 zimebaki sekunde 3, na hapo ndipo inapofumka ghafla. Anayesema "treni ilikuwa mbali, sijui ilifikaje" anasema kweli kuhusu alichokiona.

Ukubwa wa treni unazidisha tatizo. Mwaka 1985 Herschel Leibowitz, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza kwamba kitu kikubwa huonekana kwenda polepole kuliko kidogo chenye kasi ileile, na mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Waikato, New Zealand, walionyesha kwa majaribio kuwa watu hukadiria kasi ya treni kuwa ndogo kuliko ya gari dogo lenye kasi ileile. Aliyezoea kuvuka barabara mbele ya magari anakuja relini na kipimo kisichofaa hapo.

Kwa watoto hali ni mbaya zaidi. John Wann na wenzake, Uingereza, walionyesha mwaka 2011 kwamba watoto wa shule ya msingi hawatambui kwa uhakika kama gari linakaribia, likizidi kilomita 32 hivi kwa saa. Macho yao hayana ugonjwa; uwezo huo bado haujakomaa. Kwa hiyo nawaomba walimu na wazazi wasiwafundishe watoto kukadiria. Treni ikionekana, hata iwe mbali namna gani, mtoto anasimama mpaka behewa la mwisho lipite, kisha anatazama tena pande zote mbili. Na pale wanafunzi wanapovuka reli kila asubuhi, awepo mtu mzima wa kuwavusha.