Tembre za duka: zawadi ambayo mununuzi alijilipia mwenyewe

Kwenye soko la Kadutu, mjini Bukavu, mununuzi wa maharagi haondoki bila kuomba matabishi. Mama muuzaji anajaza kipimo cha guigoz, halafu anaongeza kiganja kimoja juu. Mununuzi anafurahi, na kesho anarudi kwa mama yule yule.

Huko Marekani na Uingereza, maduka nayo yalikuwa na matabishi yao, ila yalikuwa ya karatasi: tembre ndogo, ao stempu. Mpaka leo wazee wa huko wanazikumbuka kwa hamu. Lakini ni nani alikuwa analipa zawadi hizo? Swali hilo linatuhusu hata sisi, maana zawadi za namna hiyo zinaingia kila siku kwenye simu zetu.

Zilikuwa zinatumika namna gani?

Mwaka wa 1896, Thomas Sperry na Shelley Hutchinson walianzisha kampuni Marekani, iliyojulikana kwa jina la S&H. Kampuni iliuzia maduka tembre za rangi ya kijani. Duka nalo liligawia wateja: ukinunua vitu vya senti 10, unapata tembre moja. Unaibandika ndani ya kitabu. Kitabu kimoja kilijaa kwa tembre 1.200, ni kusema baada ya kununua vitu vya dola 120. Halafu unakipeleka kwenye nyumba ya zawadi ya kampuni, unachagua: pasi, taa, blanketi, ao kitu cha kuchezea mutoto.

Uingereza, Richard Tompkins alianzisha tembre za Green Shield mwaka wa 1958. Duka kubwa la Tesco likajiunga mwaka wa 1963.

Kwa nini watu wanazikumbuka?

Kulamba gundi na kubandika ilikuwa kazi ya watoto, na ulimi ulibaki na ladha mbaya. Lakini kila mutu mu nyumba aliona kitabu kinavyojaa. Kwa wamama wengi, pesa ya chakula ilikuwa inaingia na kutoka, haibaki. Tembre zilibaki. Ilikuwa ni akiba ndogo iliyo mukononi mwa mama, na siku ya kuleta pasi mpya nyumbani ilikuwa sikukuu.

Nani alilipa?

Kampuni haikugawa tembre bure. Duka lilizinunua, na gharama ilikuwa karibu 2 kwa mia ya mauzo yake. Duka la kwanza kuzigawa mu mji lilivuta wateja, kwa hiyo lilipata faida. Lakini wakati maduka yote ya jirani yalianza kuzigawa, hakuna aliyevuta mutu tena. Gharama ikabaki, na mwisho ikaingia ndani ya bei ya mkate na sukari. Hata mutu ambaye hakubandika tembre alilipa bei ile ile. Na tembre zilizopotea ndani ya makabati? Duka lilikuwa limekwisha kuzilipia, kwa hiyo ilikuwa faida ya kampuni.

Mwaka wa 1964, Uingereza ikaweka sheria: tembre iandikwe thamani yake ya pesa, na mwenye kuzikusanya aweze kuomba pesa kuliko zawadi.

Miaka ya 1970 bei ya vitu ilipanda sana. Watu wakaanza kutafuta bei ya chini kuliko zawadi. Mwaka wa 1977 Tesco iliacha tembre na ikapunguza bei, na wateja wakajaa. Mwaka wa 1995 duka hilo likaleta kadi ya pointi. Tembre haikuuliza jina la mutu. Kadi inajua jina lako na kila kitu unachonunua.

Na hapa kwetu?

Leo ukiweka unite kwenye simu, unaambiwa umepata bonisi. Mara nyingi bonisi hiyo inakufa baada ya saa 24. Tembre ilingoja miaka ndani ya kabati, bonisi haingoji hata kesho kutwa.

Mbele ya kufurahia zawadi, uliza mambo matatu. Bila zawadi hii, bei ingekuwa ngapi? Naweza kuiacha nipunguziwe bei? Itakwisha siku gani?

Wanunuzi wazoefu wa Kadutu wanajua somo hilo bila kusoma sheria ya Uingereza. Mbele ya kuomba matabishi, wanageuza kwanza guigoz na kuangalia chini. Kama kitako kimebonyezwa kuingia ndani, kile kiganja cha juu kimekwisha kutolewa kwenye maharagi yao wenyewe.