Mtungi wa Maji Kabla ya Asali

Ukitaka kuandaa kisanduku cha huduma ya kwanza nyumbani Kibera au Kawangware, anza na kitu kisichoenea ndani yake: mtungi wa lita 20 uliojaa maji safi, umefunikwa, na wote nyumbani wakijua kwamba maji hayo si ya kufulia. Nyumba nyingi za vijiji vya huko, kama Gatwekera, Laini Saba au Gatina, ni chumba kimoja. Jiko la makaa au stovu ya mafuta taa hukaa sakafuni karibu na kitanda, na mtoto anayetambaa hupita papo hapo penye sufuria ya uji. Hakuna ajali ya nyumbani ninayoihofia huko kuliko kuungua.

Maji ya kawaida yakimiminwa mahali palipoungua kwa dakika 20 hupunguza maumivu na kuzuia joto lililobaki lisiendelee kula nyama ya ndani. Hata saa mbili tatu zikishapita, bado yanasaidia. Najua maji hununuliwa kwa mtungi, na mifereji ikikauka bei hupanda. Basi kinga beseni chini, uyachote uyamimine tena, na yakianza kupata joto uongeze mengine. Barafu haifai. Dawa ya meno, ute wa yai, unga na mafuta ya kupikia havifai pia: hufungia joto ndani, huleta uchafu, na daktari hulazimika kuvikwangua kabla hajaona kidonda. Anayekwanguliwa mara nyingi ni mtoto.

Asali huja baada ya maji. Ina maji machache na asidi ya kutosha kiasi kwamba bakteria hawastawi ndani yake, na ikikutana na unyevu wa kidonda, kimeng'enya cha nyuki hutengeneza haidrojeni peroksaidi kidogo kidogo. Lakini asali ya hospitali hutakaswa kwa miale ya gamma. Ya sokoni haitakaswi, na mara nyingine huwa imeongezwa sukari. Ipake kwenye mchubuko au kidonda kidogo cha mtu mzima kilichokwisha kuoshwa, basi. Mtoto asiyetimiza mwaka usimlambishe kamwe, kwa sababu ya hatari ya botulizimu. Shubiri inafaa kwa ngozi iliyoungua juu juu: osha jani, likate, uache utomvu wa manjano udondoke kwanza kwa kuwa huwasha, ndipo upake ule ute ulio wazi. Usiuweke akiba kwenye chupa. Mmea mmoja kwenye mkebe mlangoni unatosha.

Bendeji hutoka kwenye leso kuukuu ya pamba. Chemsha vipande kwa dakika kumi, vianike juani, vipige pasi, uvifunge katika mfuko safi. Hospitali kadhaa za India zimefunika vidonda vya moto kwa majani ya mgomba yaliyotakaswa kwa mvuke, kwa sababu hayagandi kwenye nyama. Nyumbani, tumia kitambaa.

Chumvi hutenda kazi mbili. Kijiko kimoja cha chai katika nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa ni maji ya kuoshea kidonda. Kwa anayeharisha, vijiko sita bapa vya sukari na nusu kijiko cha chumvi katika lita moja ya maji safi hurudisha maji mwilini, ingawa pakiti ya kliniki ni bora zaidi ikipatikana. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India, daktari Dilip Mahalanabis aliokoa wagonjwa wengi wa kipindupindu kwa mchanganyiko wa namna hii. Weka pia karafuu za jino linalouma, na kipande cha sabuni. Aliyeumwa na mbwa aoshwe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo akadungwe chanjo.

Mafuta ya mwarobaini usimnyweshe mtoto. Yamewahi kuwaletea watoto wachanga degedege na kuharibu ini. Kumfukiza mtoto kwa majani ya mkaratusi juu ya sufuria inayochemka ni kuitafuta ajali nyingine. Na mtoto akinywa mafuta taa kutoka chupa ya soda, usimtapishe wala usimpe maziwa: akitapika, mafuta huingia mapafuni. Mbebe moja kwa moja hadi hospitali. Mpeleke hospitali pia aliyeungua usoni, mikononi au sehemu za siri, aliyeungua kwa umeme, na mtoto yeyote mwenye malengelenge.

Septemba 2023 serikali ya Kenya ilianza kuwapa vifaa wahudumu wa afya ya jamii 100,000 kote nchini. Mtafute wa kijiji chako leo, umwombe namba ya simu, uiandike ndani ya kifuniko cha kisanduku.